Uzi: Maandalizi ya siku ya marathon Nairobi, kuanzia wiki ya mwisho hadi baada ya utepe

Mwendo wa Karura (mleta uzi)

Hamjambo wadau. Msimu wa mbio ndefu jijini umewadia, na maswali ninayoyasikia kila Jumamosi msituni Karura ni yale yale: nile nini, nivae nini, nianze kwa kasi gani, na nitafikaje mstari wa kuanzia ilhali barabara zimefungwa. Nimeona afadhali tuyajadili mahali pamoja. Uzi huu hauhusu mazoezi, kwa kuwa aliyeyafanya amekwisha kuyafanya, na ambaye hakuyafanya hatayapata katika wiki iliyobaki. Msimamo wangu ni kwamba siku ya mashindano haiwezi kukuongezea nguvu yoyote; inaweza tu kukupunguzia ulizonazo. Kwa hiyo karibu kila ninachoeleza hapa ni namna ya kuziba mianya ambayo nguvu hizo hupotelea, na mwanya mkubwa kuliko yote ni haraka ya kilomita tano za kwanza.

Kwa wageni, jiji letu lina marathon mbili kubwa. Standard Chartered Nairobi Marathon ilianza mwaka 2003 na kwa kawaida hukimbiwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Miaka ya karibuni imekuwa ikianzia na kumalizikia Uhuru Gardens, kando ya Barabara ya Lang'ata, na sehemu kubwa ya njia yake ni Southern Bypass. Nairobi City Marathon ni changa zaidi: mbio zake za kwanza zilifanyika tarehe 8 Mei 2022 juu ya Nairobi Expressway, siku chache kabla ya barabara hiyo kufunguliwa kwa magari ya umma. Njia na saa za kuanza hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ramani ya kusoma ni ile iliyotolewa na waandaaji wa mwaka huu, wala si picha iliyozunguka katika vikundi vya WhatsApp tangu mwaka juzi.

Tuanze na wiki mbili za mwisho. Punguza umbali wa mazoezi hadi karibu nusu ya kawaida yako, lakini usiondoe kabisa zile dakika chache za kukimbia kwa kasi, kwa sababu mwili unaoachwa bila kushtuliwa huamka mzito. Hatari kubwa ya kipindi hiki ni kwamba miguu inaanza kupata nafuu, mtu anajihisi mwepesi, na siku sita kabla ya mashindano anakwenda kujipima Ngong Hills pamoja na marafiki. Nguvu alizozipata kwa kupumzika anaziacha mlimani. Kuhusu usingizi, usiku wa kuamkia Jumapili wengi hatulali vizuri kwa wasiwasi na kwa kuamka mapema, kwa hiyo usingizi wa kuulinda ni ule wa Ijumaa na wa siku zilizotangulia. Ukipata usingizi wa muda wa saa tatu tu Jumamosi baada ya wiki ya usingizi mzuri, hujaharibu kitu.

Viatu. Mwezi Septemba mwaka 2015, Eliud Kipchoge alikimbia marathon ya Berlin akiwa amevaa viatu ambavyo soli zake za ndani zilichomoka mapema na kubaki zikipigapiga nje ya visigino hadi mwisho. Alishinda vivyo hivyo, kwa saa 2 na dakika 4. Mimi na wewe hatungefika nusu ya njia. Kiatu cha siku ya mbio kiwe kimekwisha kukimbia angalau safari moja ndefu pamoja na soksi zile zile utakazovaa, na kisiwe kimechakaa kiasi cha kupoteza mto wake. Najua maonyesho ya wakati wa kuchukua namba yana vishawishi, na viatu vya bei ya punguzo hung'aa sana siku ya Ijumaa. Vinunue ukitaka, lakini uvivae Jumanne. Kata kucha za miguu siku tatu kabla, si usiku wa mwisho, ili kidole kilichokatwa vibaya kipate muda wa kupona. Jipake Vaseline makwapani, mapajani, na mahali popote ambapo mshono wa nguo hugusa ngozi. Wanaume wabandike plasta kwenye chuchu, kwa sababu fulana iliyolowa jasho hukwaruza hadi damu, na picha za wanaomaliza wakiwa na michirizi miwili myekundu kifuani zinatosha kuwa ushahidi.

Mavazi mengine yategemee mwezi. Alfajiri ya Julai hapa kwetu ina baridi ya kutetemesha na mawingu mazito, na ukisimama kwa saa nzima na fulana nyepesi utaanza mbio misuli ikiwa imekaza. Katika nchi nyingine wakimbiaji hujifunika mfuko mkubwa wa plastiki kisha huutupa bunduki inapolia. Sisi mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwa kweli tuna kitu bora zaidi, yaani sweta la mitumba la Gikomba ambalo halitakuuma moyo ukiliacha kando ya barabara. Oktoba ni kinyume chake: jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kufikia saa tatu mwinuko wetu na ukaribu wetu na ikweta huanza kujionyesha kwenye shingo na mabega. Kofia nyepesi na mafuta ya kukinga jua si mambo ya Wazungu peke yao. Juu ya Expressway hakuna mti wa kukupa kivuli, na Southern Bypass ni barabara pana iliyo wazi.

Chakula kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo ushauri mwingi wa mtaani huharibika. Mtu anapokimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 atahitaji karibu kilokalori 2,950 ili afikie utepe, ilhali wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hutoa karibu 2,000. Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwili, lakini mafuta huungua polepole, na ndiyo maana wengi hugonga ukuta karibu na kilomita ya 30, miguu ikageuka mizito ghafla na akili ikaanza kutafuta sababu za kutembea. Kujaza akiba hiyo hakufanywi kwa sahani moja kubwa ya Jumamosi usiku. Anza Alhamisi kuongeza wali, ugali, viazi, chapati na uji katika kila mlo huku ukipunguza nyama na vyakula vya kukaanga, ili Jumamosi jioni ule mapema, kiasi cha kawaida, ukalale tumbo likiwa limetulia. Jumamosi hiyo acha githeri, maharagwe, na hata sukuma wiki ya kujaza sahani, kwani nyuzinyuzi zake, ambazo siku nyingine ni baraka, zitakufanya uwatafute wahudumu wa vyoo kwenye kilomita ya 14.

Asubuhi yenyewe kula kitu chepesi saa mbili au tatu kabla ya kuanza: mkate na jemu, ndizi mbili, au uji mwepesi. Kama mbio zinaanza saa kumi na mbili, hiyo ina maana ya kuamka saa tisa za usiku, kula, na ukipenda kurudi kitandani nusu saa. Mwenye mazoea ya chai au kahawa anywe kama kawaida yake. Asiye na mazoea asianze leo. Njiani lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi moja ya wastani ina karibu gramu 27, kwa hiyo hesabu si ngumu. Wanaotumia jeli za nguvu wasome pakiti na wazimeze kwa maji, wala si kwa kinywaji kingine cha sukari. Anza kula kabla njaa haijaja, karibu na dakika ya 40, kwa sababu ukisubiri mwili ukudai utakuwa umechelewa kuulipa.

Kuhusu kufika: barabara hufungwa usiku wa manane au alfajiri, na dereva wa teksi aliyekuahidi kwamba anajua njia ya panya atakushusha mahali ambapo utatembea kilomita mbili ukiwa na hasira. Panga kufika saa moja na nusu kabla. Muda huo si wa kupoteza, kwa kuwa utatumia nusu yake kwenye foleni ya choo. Beba karatasi zako za chooni. Namba ya kifuani iwe imebandikwa kwenye fulana tangu usiku kwa pini nne, na usiikunje, kwa sababu mara nyingi chipu ya kupimia muda imebandikwa nyuma yake.

Sasa kasi. Ukitaka kumaliza marathon kwa saa 4, kila kilomita ichukue dakika 5 na sekunde 41. Kwa saa 4 na nusu, dakika 6 na sekunde 24. Kwa saa 5, dakika 7 na sekunde 7. Andika muda wako mkononi kwa kalamu. Kisha kubali kwamba kilomita tano za kwanza zitakuwa polepole kuliko hapo, kwa makusudi. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2, sekunde 35 huko Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48, na ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Aliyekuwa na uwezo kuliko sisi sote alitunza sehemu ya nguvu zake kwa ajili ya mwisho. Jumapili utaona mamia wakikupita wakicheka katika kilomita ya pili. Wengi wao mtakutana tena.

Mwisho kwa leo, fahamu mteremko na mpando. Southern Bypass, ukielekea upande wa Ngong Road na Dagoretti, hupanda polepole kiasi kwamba jicho halioni lakini paja linajua, na ukigeuka kuelekea Mombasa Road huteremka. Kwenye mpando fuata pumzi yako, usifuate saa ya mkononi. Saa yenyewe itakuonyesha umbali mkubwa kuliko kilomita 42.195, kwa sababu njia hupimwa kwa mstari mfupi kabisa unaowezekana kwenye kona, na sisi hatuukimbii mstari huo. Usigombane na vibao vya barabarani.

Karibuni kwa maswali na kwa kupinga.

Baba wa Rongai

Asante kwa uzi huu, ndugu. Ninapinga jambo moja na kuongeza jingine. Ninalopinga ni hiyo saa ya kula. Kwa mtu wa Rongai anayepaswa kutoka nyumbani saa tisa na nusu usiku, kula saa tisa ni kula bila hamu, na tumbo langu halikubali chochote saa hiyo isipokuwa chai ya rangi yenye sukari nyingi. Mimi hula ugali wa kutosha Jumamosi saa kumi na mbili jioni, kwa maziwa mala na kipande cha samaki, na asubuhi nabeba ndizi ya kulia njiani. Nimezoea hivyo hata kwenye mazoezi marefu.

Ninaloongeza ni kwamba sisi wa upande huu tuna tatizo la pekee mbio zinapoanzia Uhuru Gardens, kwa sababu matatu zetu za 125 na 126 hupita Barabara ya Lang'ata hiyo hiyo inayofungwa. Ukifika Bomas na kukuta magari yamezuiwa, utapanda bodaboda kwa bei ya dharura au utatembea. Mwenye ndugu South C, Nairobi West au Lang'ata amwombe sehemu ya kulala. Hakuna aibu kulala sebuleni kwa shemeji usiku mmoja.

Mwendo wa Karura

Mzee wangu, nakubali kabisa kuhusu ugali. Sina ugomvi nao, ugomvi wangu ni na vinavyouzunguka. Samaki na mala ni sawa kwa tumbo lililozoea, ingawa maziwa huwasumbua wengine, na hao wanajijua. Kuhusu asubuhi, kanuni ya kweli ni kula ulichokijaribu, na wewe umekijaribu. Ila kumbuka kwamba akiba ya wanga iliyomo kwenye ini hupungua usiku mtu akiwa amelala, kwa hiyo hiyo ndizi usiisahau mfukoni.

Mwanapwani

Habari zenu. Ninakuja kutoka Mombasa kukimbia kilomita 21, na nimekuwa nikifanya mazoezi Nyali na Bamburi kwa joto la kwetu. Rafiki ananiambia nifike Nairobi Jumatano ili nizoee hewa, mwingine ananiambia nifike Jumamosi jioni. Nani mkweli?

Mwendo wa Karura

Kaka, wa Jumamosi yuko karibu na ukweli zaidi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 18, maana yake kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kuliko uliyoizoea. Mwili huanza kujirekebisha, lakini kazi hiyo huchukua wiki mbili au zaidi, na siku za kwanza zinaweza kuja na usingizi wa mang'amung'amu, kinywa kikavu na kukojoa mara kwa mara. Asiyeweza kuja wiki mbili kabla ni afadhali aje siku moja kabla, akimbie, aondoke. Ukija Jumatano huenda mbio zikakukuta katikati ya usumbufu wenyewe.

Una faida moja ambayo sisi hatuna, nayo ni kwamba mwili wako umezoea joto, na jua la saa tatu halitakushangaza. Lakini usije na kasi ya Bamburi. Kilomita tatu za kwanza zikimbie ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata. Ukishindwa, punguza hapo hapo, kwa sababu hewa uliyokosa mwanzoni hapa juu hailipiki kirahisi baadaye.

Muuguzi wa Zamu

Nimewahi kuhudumu katika mahema ya matibabu kwenye mbio za aina hii, na ningependa kusema mambo mawili ambayo mleta uzi ameyapitia juu juu.

La kwanza ni maji. Watu wengi wamefundishwa kwamba kila kituo cha maji lazima wanywe, na kwamba hatari pekee ni kukaukiwa. Watafiti waliowapima damu wakimbiaji 488 mwishoni mwa Boston Marathon ya mwaka 2002 walikuta kwamba asilimia 13 kati yao walikuwa na kiwango cha chini cha chumvi ya sodiamu katika damu, na waliokuwa katika hatari zaidi ni wale waliomaliza wakiwa wameongezeka uzito, pamoja na waliotumia zaidi ya saa 4. Maana yake ni kwamba walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Mkimbiaji wa polepole ana muda mwingi wa kunywa na vituo vyote viko mbele yake, kwa hiyo yeye ndiye wa kuonywa, si yule wa mbele. Kunywa kwa kiu. Ukianza kuhisi kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vimevimba na pete inabana, usiongeze maji. Simama umwambie mhudumu. Anayemwona mwenzake anazungumza mambo yasiyoeleweka amshike mkono na kumleta kwetu, hata akikataa.

La pili ni dawa za maumivu. Tafadhali msimeze ibuprofen wala diclofenac asubuhi ya mbio ili kuzuia maumivu yatakayokuja. Mwili unapokimbia kwa saa nyingi, damu hupungua kwenye figo kwa sababu inahitajika kwenye misuli na ngozi, na dawa hizo huzidi kuipunguza. Ukichanganya na jasho jingi, figo zinaweza kuumia, na baadhi ya watu wamelazwa kwa sababu hiyo. Kama goti haliwezi kukimbia bila dawa, goti limekwisha kukujibu.

Ningeongeza pia kwamba mwenye homa, kikohozi cha kifuani au kuhara ndani ya siku chache zilizopita asikimbie. Najua ada imelipwa.

Binti wa Umoja

Dada muuguzi, asante sana. Mimi nina swali ambalo sijaliona likiulizwa katika nyuzi za namna hii, pengine kwa kuwa wachangiaji wengi ni wanaume. Tarehe zangu zinaonyesha kwamba hedhi itaanza Jumamosi au Jumapili yenyewe. Je, niahirishe? Na kuhusu dawa za maumivu, hizo ndizo ninazotumia kila mwezi.

Muuguzi wa Zamu

Usiahirishe kwa sababu hiyo peke yake, dada yangu. Hedhi yenyewe haikuzuii kukimbia, na wanariadha wa kiwango cha juu hushindana wakiwa katika siku hizo. Paracetamol kwa kipimo cha kawaida ni salama zaidi kwa figo kuliko hizo nyingine, na kitu cha moto tumboni Jumamosi usiku husaidia. Mwenye damu nyingi kupita kawaida azungumze na daktari mapema kuhusu madini ya chuma, lakini hilo ni jambo la miezi, halitatatuliwa wiki hii. Chupi na pedi au kisodo utakachotumia kiwe kimejaribiwa kwenye mazoezi, kwa sababu pedi iliyolowa jasho huchubua mapaja vibaya. Jipake Vaseline kingo zote. Beba cha akiba ndani ya mfuko mdogo wa kiunoni, na ubadilishe dakika za mwisho kabla ya kuanza. Suruali nyeusi ya kubana humwondolea mtu wasiwasi mwingi.

Haraka na Baraka

Ninapinga ushauri wa kuanza polepole. Hoja yangu si ya kiburi, ni ya hali ya hewa. Oktoba, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili kuna ubaridi. Baada ya hapo kila kilomita inakuwa ghali. Anayetumia saa 4 na nusu atakimbia saa mbili nzuri na saa mbili na nusu mbaya. Kwa nini nisiweke dakika kadhaa kibindoni wakati wa ubaridi, nikijua fika kwamba nitazipoteza baadaye hata nikianza kama konokono?

Mwendo wa Karura

Hoja yako ni nzito kuliko zile ninazozisikia mara nyingi, na sehemu yake ni kweli: katika siku ya joto, karibu kila mtu atapungua mwishoni, na kutaka nusu mbili zilingane kabisa ni kujidanganya. Ninapotofautiana nawe ni kwenye kiasi. Ukikimbia sekunde tano kwa kila kilomita juu ya kasi ya wastani wako wakati wa ubaridi, huenda ukafaidika. Ukikimbia sekunde thelathini, hauweki dakika kibindoni, bali unachoma wanga mwingi zaidi kwa kila kilomita badala ya mafuta, na wanga huo ndio uliokuwa ukuvushe kilomita ya 30. Tena kasi huzalisha joto mwilini bila kujali jua limetoka au halijatoka. Callum Hawkins wa Scotland alikuwa akiongoza marathon ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast mwaka 2018, akaanguka kwa joto zikiwa zimebaki takriban kilomita mbili. Pengo lake mbele ya mpinzani lilikuwa kubwa, na halikumsaidia.

Njia bora ya kupambana na jua ni kujimwagia maji. Kwenye vituo chukua vikombe viwili, kimoja unywe, kingine umwage kisogoni na kwenye mikono.

Haraka na Baraka

Sekunde tano nazikubali. Hizo nyingine tutaonana Jumapili.

Mama Pacha

Sisi tunaokwenda kushangilia tusimame wapi? Mwaka jana tulisimama karibu na mstari wa kumalizia, hatukumwona mtu wetu hata kidogo kwa sababu ya msongamano, na yeye alilalamika kwamba alikuwa peke yake njia nzima.

Mwendo wa Karura

Mama, mstari wa kumalizia una watu wa kutosha, na aliyefika pale hahitaji tena kutiwa moyo. Kama usalama na njia zinaruhusu, simameni kati ya kilomita ya 28 na ya 36, upande wa kulia au wa kushoto mliokubaliana tangu nyumbani, na mmoja wenu avae rangi inayoonekana kwa mbali. Msimwambie kwamba amekaribia. Mwiteni jina, mpeni ndizi iliyomenywa, mwacheni aende. Baadaye kutaneni mahali palipotajwa kabla, kwa mfano chini ya mti fulani au langoni, kwa sababu mtandao wa simu huzidiwa na maelfu wanaotuma picha kwa wakati mmoja.

Nawe unayekimbia, ukivuka utepe usisimame ghafla wala usiketi. Miguu ilikuwa ikisaidia kusukuma damu kurudi moyoni, na ukiisimamisha papo hapo damu hubaki chini, kichwa kinakosa, unaanguka. Tembea dakika kumi, vaa sweta kavu kutoka kwenye mfuko ulioacha kwa waandaaji, kula kitu chenye wanga na protini ndani ya saa moja. Mfuko huo uwe na ndala pia. Hutataka kuona viatu hivyo tena siku hiyo.

Baba wa Rongai

Kwa kuwa suala la usafiri halijapata jibu, tumeanza kupanga matatu moja ya kutoka stendi ya Rongai saa tisa kamili usiku wa kuamkia Jumapili, na itatusubiri upande wa Galleria hadi saa sita mchana kwa ajili ya kurudi. Viti ni 14, tisa vimechukuliwa. Anayetaka aandike hapa chini kabla ya Alhamisi, aseme pia kama ana begi kubwa.

Binti wa Umoja

Mzee, niwekee kimoja. Nitalala kwa shangazi yangu Kware Jumamosi, na begi langu ni dogo.